Gia Inapokataa: Somo la Gereji kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaipachika katika insha zetu kila tulipotaka kuonyesha kwamba jambo halizuki tu bali hutanguliwa na ishara. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu tunaojiuliza swali lililojificha ndani yake: je, ni mawingu yapi, na ni ya mvua ipi? Mkulima wa kwetu Kinangop hawezi kulikwepa swali hili. Yeye huutofautisha ukungu wa alfajiri utakaotoweka ifikapo saa tatu na wingu zito linaloteremka alasiri kutoka milima ya Aberdare. Akizichanganya ishara hizi mbili, viazi vyake vitaoza vikiwa juu ya ardhi.

Katika makala haya nakusudia kuzungumzia ishara za aina nyingine, yaani dalili za ugonjwa wa gia katika gari kuukuu. Msomaji wa jarida hili huenda akastaajabu na kuuliza, gia na Kiswahili wapi na wapi? Namwomba awe na subira. Nitaeleza kisa kilichotupata nyumbani, nifafanue jinsi hitilafu yenyewe ilivyotafutwa hadi ikapatikana, kisha nionyeshe kwa nini naamini kwamba fundi aliyeitafuta alikuwa akifanya kazi ambayo sisi wanafunzi wa lugha tunadai kuwa ni yetu.

Gari ninalolizungumzia ni pikapu aina ya Peugeot 504. Wasomaji wa umri mdogo huenda wasiifahamu vyema sifa yake. Peugeot 504 ilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1968 na mwaka uliofuata, 1969, ikatuzwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Hapa Kenya ilijipatia heshima kwa kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975, ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka wa 1978, ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Kwa miaka mingi magari ya aina hii yaliwabeba abiria wa masafa marefu, nazo pikapu zake zikabeba maziwa, kabeji na viazi katika barabara za matope ambazo magari mengine yaliziogopa.

Pikapu yetu ilinunuliwa na marehemu baba ikiwa tayari imetumika, na alipotutoka ikabaki mikononi mwa mama. Mama haiendeshi kwa fahari. Mara tatu kwa wiki huijaza viazi na kuteremka nayo kutoka uwanda wa Kinangop, ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hadi soko la Naivasha, ambako kimo ni karibu mita 1,900. Karo yangu ya chuo kikuu na ile ya dada yangu aliye katika shule ya upili hutoka katika mgongo wa gari hilo. Aidha, barabara ile ina mteremko mkali. Dereva mwenye busara huizuia kasi ya gari lililosheheni kwa kutumia gia ndogo, kwani atakayezitegemea breki peke yake atazichosha na kuzipasha moto hadi zikose nguvu. Kwa hivyo, gia inapokataa kuingia katika mteremko ule, linalohatarishwa si soko la siku hiyo tu, bali ni uhai wa mtu.

Gia zilipoanza kumsumbua, mama aliipeleka pikapu katika gereji moja mjini. Fundi aliyeipokea aliketi penye usukani, akajaribu kuingiza gia ya kwanza mara mbili, ikalia kwa sauti ya chuma kusagana na chuma. Alishuka na hukumu: giaboksi ni mbovu, itafutwe nyingine. Bei ya giaboksi kuukuu pamoja na malipo ya ufundi ilizidi karo yangu ya muhula mzima. Mama alirudi nyumbani kimya, akaanza kumtazama mtamba wetu aliyekuwa amebakisha miezi miwili azae. Baba mdogo naye akasema kwamba neno la fundi ni kama neno la daktari, halipingwi, na kwamba mnunuzi wa ng'ombe alikuwa tayari.

Wakati huo nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilimsihi mama kwamba kabla mtamba hajatoka zizini tupate neno la pili. Jirani alituelekeza kwa mzee mmoja anayefanyia kazi yake chini ya mkaratusi kando ya barabara. Mzee huyo hana kibao wala risiti zilizochapishwa. Ana sanduku la spana, jeki mbili na gogo la kukalia.

Jambo la kwanza alilolifanya ndilo lililonishangaza. Hakuligusa gari. Alimkaribisha mama juu ya gogo, akamwuliza:

"Mama, gari linakufanyia nini?"

"Gia zinanisumbua, Mzee."

"Zinakusumbua vipi? Zinakataa kuingia, zinaingia zikilia, zinaingia kisha zinaruka, ama zimekwama hazitoki?"

Mama alifikiri kidogo. Akasema kwamba gia hukataa kuingia, na zikilazimishwa huingia zikilia, hasa ya kwanza na rivasi. Zikishaingia hazitoki zenyewe. Mzee akauliza tena: je, ni gia moja ama ni zote? Je, ni asubuhi injini ikiwa baridi, ama ni siku nzima? Je, kanyagio cha klachi ni kigumu kama zamani, ama siku hizi kinashuka bila upinzani? Mama alijibu kwamba gia zote zimeathirika, kwamba wakati wa siku hauleti tofauti, na kwamba, kwa kweli, kanyagio kimekuwa chepesi mno. Mzee alitikisa kichwa na ndipo akainuka.

Ili msomaji ayafahamu maswali haya, ni sharti apate picha ya yale yaliyofichika chini ya sakafu ya gari. Injini huzunguka muda wote inapowaka. Kati yake na giaboksi kuna klachi, ambayo kazi yake ni kuunganisha na kutenganisha. Dereva akiwa hajakanyaga, pleti ya klachi hubanwa kwa nguvu dhidi ya gurudumu zito la injini, na mzunguko hupita hadi kwenye giaboksi. Anapokanyaga, pleti huachiliwa, na giaboksi haisukumwi tena na injini. Katika Peugeot 504 nguvu ya mguu husafirishwa na mafuta ya breki. Kanyagio husukuma pistoni ya kifaa ambacho mafundi hukiita masta ya juu; mafuta hupita katika paipu na kuisukuma pistoni ya masta ya chini iliyo kando ya klachi; nayo huusukuma uma unaoibeba beringi ya kuachilia klachi. Ndani ya giaboksi mna ringi za shaba ambazo huisawazisha kasi ya gia inayotaka kuingia na ile ya mhimili wake. Klachi isipoachilia kikamilifu, mhimili wa giaboksi huendelea kuzungushwa na injini, ringi zile hushindwa kusawazisha, na gia hukataa au hulia. Ni dhahiri basi kwamba gia inaweza kulia ilhali ugonjwa hauko katika gia.

Mzee aliyafanya majaribio manne kwa utaratibu. Kwanza aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kwa kuwa breki ya mkono ya gari kuukuu si ya kuaminiwa. Akaizima injini, akakanyaga klachi na kuingiza gia moja baada ya nyingine. Zote ziliingia bila kelele. Kwa jaribio hilo moja alikuwa amepunguza tuhuma nyingi. Kama vyuma vinavyouunganisha mkono wa gia na giaboksi vingekuwa vimelegea au kupinda, au kama uma za ndani zingekuwa zimekwama, gia zingekuwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa.

Pili, aliiwasha injini. Gia ya kwanza ikakataa; rivasi ikanguruma. Katika magari mengi ya zamani rivasi haina ringi ya kusawazisha, na kwa sababu hiyo ndiyo shahidi mkweli zaidi. Ukikanyaga klachi, ukasubiri kwa sekunde chache, kisha rivasi ikaendelea kulia, maana yake mhimili bado unazunguka, na kwa hivyo klachi haiachilii.

Tatu, alikanyaga klachi mara tatu mfululizo kwa haraka, akaishikilia chini, akaingiza gia ya kwanza. Ikaingia kwa utulivu! Mama aliguna kwa mshangao. Mzee akaeleza kwamba kukanyaga mara nyingi huongeza mafuta katika paipu na kufidia yale yaliyovuja au hewa iliyoingia. Kama pleti ingekuwa imepinda au imegandamana na gurudumu la injini, kukanyaga huko kusingeleta nafuu yoyote.

Nne, alitazama. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa karibu kitupu, na mafuta yaliyosalia yalikuwa meusi. Alilala chini ya gari, akaufunua mpira unaoifunika masta ya chini, na matone yakamdondokea kidoleni. Ugonjwa ulikuwa umepatikana: sili za mpira zilikuwa zimechakaa, mafuta yanatoka, hewa inaingia, na hewa hubanika pale ambapo mafuta hayabaniki. Mguu wa mama ulikuwa ukiibana hewa badala ya kuisukuma klachi.

Tulinunua sili mpya za masta zote mbili, maana ile ya juu ilikuwa na umri sawa na mwenzake, pamoja na chupa ya mafuta ya breki. Mzee alitusisitizia kwamba tusithubutu kutia oili ya injini katika kikopo kile hata tukikwama njiani, kwa sababu huvimbisha sili na kuziharibu. Alieleza pia kwamba mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita, na hivyo ni vyema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi hata kama hayavuji. Kisha ikaja kazi ya kutoa hewa, ambayo huhitaji watu wawili. Mama aliketi penye kanyagio, Mzee akawa chini ya gari na spana, nami nikapewa jukumu la kuongeza mafuta ili kikopo kisikauke. "Kanyaga, Mama. Shikilia." Naye hulegeza kijiskurubu, mafuta yenye povu yakatoka, akakikaza tena. "Achilia." Zoezi hilo lilirudiwa hadi mafuta yakatoka safi bila kipovu hata kimoja. Kabla ya jua kutua mama aliingiza gia zote, rivasi ikiwemo, na hatukusikia kelele. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya ile tuliyotajiwa mjini. Mtamba alizaa zizini mwetu, na mimi nikarejea chuoni muhula ulipofunguliwa.

Singependa msomaji afikiri kwamba kila gia inayokataa huponywa kwa sili za mpira. Hilo lingekuwa kosa lile lile la kuona wingu moja na kudai kuwa mvua zote ni sawa. Mzee alinifafanulia dalili nyingine tulipokuwa tukingoja sili kutoka dukani. Gia moja ikilia, tuseme ya pili au ya tatu, na nyinginezo ziwe sawa, klachi haina hatia. Ringi ya shaba ya gia hiyo ndiyo iliyolika. Gia ikiingia vizuri kisha ikaruka yenyewe unapoondoa mguu kwenye mafuta, shuku springi na vigololi vinavyoishikilia, uma au meno yaliyolika, na usisahau kukagua mipira inayoishikilia injini, kwa kuwa injini inayoyumba huweza kuivuta gia itoke. Gia zikiwa nzito asubuhi na kulainika injini ikishapata joto, kagua oili ya giaboksi: huenda ni nzito kupita kiasi. Jambo hili ni muhimu kwa wenye Peugeot 504, kwani giaboksi yake ya mkono iliundwa kutumia oili ya injini, ilhali mafundi wengi huitia oili nzito ya gia kwa mazoea. Mkono wa gia ukilegea na kuchezacheza hata usijue gia ilipo, anza na bushi za vyuma vya nje kabla ya kufungua chochote. Na injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo mlimani, hapo klachi inateleza. Huo ni ugonjwa ulio kinyume cha wetu, kwa sababu yetu ilikuwa haiachilii na hiyo haishiki.

Wala sidai kwamba giaboksi haifi. Hufa. Lakini kabla ya kuikubali hukumu hiyo, mwenye gari ana haki ya kuomba oili ya giaboksi imwagwe katika chombo safi mbele ya macho yake. Vumbi laini la chuma ni la kawaida kwa gari lenye umri. Vipande vya meno ya gia vikionekana, basi msiba upo kweli, na mtamba hana budi kuuzwa.

Sasa nirejee kwenye ahadi niliyoitoa. Tofauti kati ya fundi wa kwanza na wa pili haikuwa katika vifaa, kwa maana wa kwanza alikuwa na vifaa bora zaidi. Tofauti ilikuwa katika lugha. Wa kwanza alitumia kivumishi: giaboksi ni mbovu. Kivumishi hiki hufunga mjadala. Kikishatamkwa hakuna la kuuliza tena, kinachobaki ni bei tu. Wa pili alitumia vitenzi: kukataa, kulia, kuruka, kukwama, kuteleza, kuachilia, kushika. Kila kitenzi kilielekeza mahali tofauti na kutaka jaribio lake. Mama alipokuja na kitenzi kimoja cha jumla, kusumbua, Mzee alimsaidia kukigawanya hadi kikawa maelezo yanayoweza kupimwa.

Katika madarasa yetu ya istilahi tumezoea kuhesabu nomino. Tunaorodhesha gia, klachi, breki, beringi, spana na bushi, tukaonyesha jinsi zilivyotoholewa kutoka Kiingereza na kuingizwa katika ngeli ya I-ZI, kisha tunahitimisha kwamba Kiswahili cha gereji ni cha kukopa. Hitimisho hilo lina upungufu. Ukivitazama vitenzi vya Mzee utaona kwamba vyote ni vya asili ya Kibantu, na kwamba vimepanuliwa maana kwa ustadi mkubwa. Gia hulia kama mtoto, hukataa kama punda, huruka kama chura. Hata nomino za mkopo hazikuachwa zilivyo. "Masta ya juu" na "masta ya chini" ni majina yanayomwonyesha mwanagenzi mahali pa kutazama, jambo ambalo majina ya Kiingereza ya vifaa hivyo hayafanyi. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka wa 1967, na taasisi nyingine za lugha zimefanya kazi ya kusifika katika kuunda na kusanifisha istilahi. Lakini naamini kwamba upo utajiri mwingine ambao bado haujakusanywa ipasavyo, nao umo vinywani mwa mafundi wa jua kali, kuanzia barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hadi chini ya mikaratusi ya Kinangop.

Nahitimisha kwa ombi kwa wanafunzi wenzangu, hususan wale wanaotafuta mada za tasnifu. Nendeni gereji na madaftari yenu. Msiende kuuliza, "Kifaa hiki kinaitwaje?" pekee. Ulizeni pia, "Kikiharibika kinafanyaje?" Majibu mtakayoyapata yatazifaa kamusi zetu, na yatamfaa pia mama yeyote atakayesimama mbele ya fundi na gari bovu, asiwe na la kusema ila kuuliza bei. Mama yangu siku hizi hasemi kwamba gia zinamsumbua. Juma lililopita aliniambia kwa simu kuwa gia ya tatu imeanza kulia peke yake, nyingine zote ni shwari, na kwamba anakwenda kumwona Mzee kabla haijawa kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni lazima kwanza ujue ufa uko upande gani wa nyumba.